Kiwanja cha Dhamana Chenye Kaburi

Ninyi mnaotoka asubuhi na pikipiki kwenda kukagua nyumba za wakopaji, simu mfukoni imeshapiga hesabu kabla hamjafika, nawaonea wivu kidogo, nisidanganye. Sisi tulikwenda kwa baiskeli, na hesabu tulipiga tukirudi, tope la Kyela likiwa bado linakauka miguuni. Lakini nyumba ni zilezile, watu ni walewale, na mvua haijabadilisha tabia yake hata kidogo. Kwa hiyo nipeni muda niwasimulie habari ya kumkopesha mtu pesa ya kujengea, katika nchi ambayo kila mwaka maji huja kukagua nyumba kabla ya afisa mikopo.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya mwandiko. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo baba aliyasoma mara moja, akayakunja, akaniuliza kama ninajua kupika vitumbua vya kuuza. Chama chetu cha akiba na mikopo pale mjini kilikuwa kinatafuta mtu wa kujaza mikataba kwa mkono unaosomeka. Nikaenda, nikaandika mistari michache mbele yao, wakanipa kiti. Cheo cha afisa mikopo kilinijia baadaye, pole pole, kama nguo ya dada mkubwa.

Nilikuwa na jambo moja lililowachekesha wenzangu. Mimi ukinionyesha shimo la msingi, naona tayari mapazia. Naona sebule, naona redio mezani, naona watoto wamelala kifudifudi sakafuni wanafanya hesabu za shule. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo, Bwana Athumani, aliniambia siku ya kwanza tulipokwenda kukagua pamoja: "Binti, chama kinakopesha matofali. Mapazia watanunua wenyewe."

Huyu Bwana Athumani ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo mjue ni nani. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa, akabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, Kinyakyusa anakiongea hadi matusi yake, lakini Kiswahili chake kilibaki laini kama cha kwao. Aliuza bati, misumari na saruji, na hapohapo aliketi kwenye kamati inayoamua nani apewe mkopo wa bati. Watu walimtania kwamba anajikopesha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Alijibu kwa kuweka desturi: bei ya bati ikianza kujadiliwa kwenye kikao, yeye hutoka nje na kunywa chai. Alikunywa chai nyingi sana mzee yule.

Somo lake la kwanza lilikuwa kabati. Nilikagua nyumba moja ya bondeni mwezi wa nane, jua kali, ukuta umepakwa rangi mpya ya samawati inayometameta. Nikarudi nimeijazia sifa. Akaniuliza kama nilitazama nyuma ya kabati. Nikasema sikwenda kukagua vyombo. Tukarudi wote. Akamwomba mwenye nyumba kwa adabu, wakasogeza kabati, na pale nyuma, ambako hakuna anayepoteza rangi, tukauona mstari wa maji umekwenda ukutani sawasawa, usawa wa kiuno changu. Mwenye nyumba alicheka kuliko sisi. Tangu siku hiyo nikikuta nyumba imepakwa rangi kiangazi namuuliza mwenyewe kulikoni. Mara nyingi hafichi kitu, ana harusi ya binti yake. Lakini uliza.

Jingine lilihusu tarehe. Tulipata meneja aliyetoka mbali, kijana mchapakazi, akataka kila mkopaji alipe rejesho mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi ilipendeza. Sasa mtu wa mpunga wa Kyela, mwezi wa pili, utamkuta ana nini? Pesa yake imesimama shambani, ya kijani, ina umande. Mwenye kokoa ana nafuu, huvuna kidogo kidogo na kuuza kidogo kidogo. Mwenye mpunga ni maskini miezi na miezi, halafu siku moja anakuwa tajiri. Tukawa tunawagongea milango, nao kwa kuogopa aibu wakawa wanauza mpunga ukiwa bado haujaiva, kwa wafanyabiashara wanaozunguka kutoka Kasumulu mpakani, kwa bei ya kulia. Marejesho yakaja kwa wakati, meneja akafurahi. Mwaka uliofuata walewale waliolipa vizuri ndio walioshindwa kabisa. Bwana Athumani akasema rejesho la namna ile ni ugonjwa wenye uso mzuri, na meneja, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikia, akasogeza tarehe zifuate mavuno. Ninyi mkiona mkopaji analipa vizuri, muulizeni analipa kwa kuuza kitu gani.

Haya. Sasa niwaambie habari ya Asajile, maana hiyo ndiyo iliyonifunza dhamana ni kitu gani, na hata hivi nilivyostaafu naifikiria nikiwa nachambua mchele.

Asajile alikuwa fundi wa baiskeli pale mjini, amepanga chumba yeye na mke wake Tusekile. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni Ndandalo, kwao, na miti michache ya kokoa upande wa Ipyana. Huko Ipyana ndiko alikonunua kiwanja, kidogo, lakini kimekaa juu ya mwinuko. Kwa mtu wa Kyela mwinuko wa magoti mawili ni mlima. Alikuja kuomba mkopo wa nyumba, akaja na mke wake na mama yake mzazi, wote watatu wamevaa nguo za kanisani.

Utaratibu wetu ulikuwa kutoa mkopo wa nyumba kwa vipande. Kipande cha kwanza ni msingi na kuta. Ukisimamisha kuta tukaziona, unapata kipande cha pili, cha kupaua, na hicho hupewi pesa mkononi, unapewa mbao na bati zenyewe. Tulijifunza hivyo baada ya bwana mmoja kuchukua pesa za paa akaenda nazo mpakani kufanya biashara ya viatu, na viatu vyote vikawa vya mguu mmoja. Kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake ndiyo dhamana: ukishindwa kabisa, chama kinauza, kinachukua chake.

Asajile alijenga vizuri. Matofali aliyafyatua mwenyewe na kuyachoma kwa pumba za mpunga, mekundu, ukiligonga moja linalia. Kuta zikafika kwenye lenta, juu ya madirisha, kabla kiangazi hakijaisha. Tusekile alikuwa akija ofisini kila akipita sokoni, anauliza bati zinatoka lini, mimi namwambia kamati ikikaa tu, dada, wiki hizi. Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Tofali letu la kuchoma kwa pumba ni zuri, ila lililojengewa kwa udongo halipendi kuachwa wazi kwenye mvua za huku. Msimu mmoja bila paa, kuta zinakaa chini kama mtu aliyechoka.

Hapo ndipo mama yake Asajile alipofariki.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Ukipita njia ya Ipyana au Ndandalo unaona makaburi yako hapo uani, karibu na migomba, watoto wanaanika mpunga juu ya saruji yake na hakuna anayeona ajabu. Na mahali penye kaburi hapauzwi. Nani anunue nyumba ambayo ndugu wa watu watakuja kufagia uani kwake hadi mwisho wa dunia? Jambo hili kila mtu analijua. Lakini kwenye kanuni za chama chetu halikuwamo hata kwa neno moja. Meneja hakulijua kwa sababu ametoka mbali. Bwana Athumani hakulifikiria kwa sababu watu wake huzikwa kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji. Na sisi wa hapa, tuliolijua tangu utotoni, tulilijua sana hadi hatukuona kama ni kitu cha kusema. Kiwanja cha Asajile kilikuwa kitupu siku ya kukagua, nikaandika ni kitupu. Haikunijia kwamba kiwanja kitupu kinaweza kujaa.

Msiba uliwekwa Ndandalo, kwenye mji wa familia, anakokaa kaka mkubwa, Lusekelo. Huyu alikuwa mkulima hasa, mrefu, mikono kama makasia, maneno machache na yote mazito. Yeye alitaka mama azikwe hapohapo kando ya baba yao. Asajile akasema hapana, mama aliagiza azikwe Ipyana, kwenye kiwanja kipya.

Na kweli aliagiza. Mkitaka kuelewa kwa nini, mfikirie Ndandalo mwezi wa nne. Mzee alipofariki, miaka ile, ilikuwa katikati ya mvua. Walichimba kaburi, maji yakapanda kutoka chini. Wakayachota kwa ndoo, wana na wakwe, wakipokezana, mchungaji anasubiri na kitabu kimelowa. Mwishowe wakamlaza mzee wao kwenye maji, kwa sababu hakukuwa na namna. Mama Asajile aliishi na picha ile. Aliwaambia wanawe na wakwe zake, na akawaahidisha: mzee wangu nilimweka majini, mimi mniweke pakavu.

Asubuhi ile ofisini meneja aliniita. Bwana Athumani alikuwa Mbeya kufuata mzigo wa duka. Meneja alikuwa ameshaelewa, kuna mtu amemweleza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona shimo mlangoni kwake. Aliniambia niende na rambirambi ya chama, nikae na kina mama, na wakiniuliza lolote nimuunge mkono kaka mkubwa. Habari ya mkopo nisiitaje. Hakuwa mtu mbaya, msimhukumu. Pesa ile ilikuwa akiba ya watu, wauza samaki na walimu na wajane, na yeye ndiye aliyekuwa akiilinda.

Nikaenda. Nikapokelewa, "ugonile, dada," nikaitikia, nikafunga kanga kiunoni nikaingia jikoni kuchambua mchele na wenzangu. Wanaume walikuwa wamekaa upande wa pili wa ua, na sauti zilikuwa zikipanda na kushuka. Mara baba yao mdogo, mdogo wake marehemu mzee, aliyekuwa anaongoza kikao, akatuma niitwe. Nilikwenda nikapiga goti, mikono bado ina vumbi la mchele.

"Binti," akasema, "tunasikia kile kiwanja kimeandikwa huko kwenu. Tukimlaza mtu pale, kuna neno?"

Nilikuwa nimeambiwa niseme nini. Njia nzima kwenye baiskeli nilikuwa nikiirudia, na ilikuwa rahisi sana: mama akae na mume wake, ndiyo heshima. Hakuna ambaye angejua. Lakini mzee ameuliza swali lililonyooka, na Asajile ananitazama, macho mekundu, na mimi moyo wangu haujui kujificha.

"Lipo, baba," nikasema. "Kiwanja kile ni dhamana. Kikiwa na kaburi hakiuziki. Na kisipouzika, ninavyoona, chama hakitatoa bati. Kuta zitaingia kwenye mvua bila paa."

Lusekelo akapiga mapaja yake. "Mmesikia. Mama anakwenda kwa baba, Asajile anapata bati zake. Tuchimbe."

Ilikuwa imekwisha. Nusu ya wanaume walishainuka. Ndipo Tusekile akatokea jikoni, ungo mkononi. Mkwe wa kike hasemi kwenye kikao cha namna ile, kwa hiyo hakuingia. Alisimama pembeni akasema na shemeji yake, sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi.

"Shemeji, siku ya baba ulishika ndoo. Mimi pia nilishika. Mama alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, anatutazama." Akahamisha ungo mkono wa pili. "Bati zitasubiri. Tulimwahidi pakavu."

Baba mdogo aliinama, akachora chini kwa fimbo yake muda mrefu, akasema mama atapelekwa alikotaka. Lusekelo hakubisha. Alikuja mazishini siku ya pili, lakini alisimama barabarani, hakuingia kwenye kiwanja. Udongo hakutupa.

Nilimweleza meneja kila kitu, na niliyoyasema mimi pia. Hakunigombeza. Alishusha pumzi akasema kipande cha pili hakitoki, kanuni ni kanuni. Tusekile hakuja tena ofisini kuulizia. Nilipita Ipyana nikawakuta yeye na Asajile wanafunika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba na mabaki ya plastiki, wanayabana kwa matofali. Kaburi lilikuwa pembeni, udongo bado mwekundu. Tusekile alinipungia mkono kwa furaha kabisa. Hicho ndicho kilichoniumiza.

Bwana Athumani aliporudi nilimkuta anapanga misumari dukani. Nikamsimulia. Aliendelea kupanga misumari, ya inchi mbili huku, ya inchi nne huku.

"Kaburi la mama yao liko kwenye kiwanja chetu," akasema.

"Ndiyo."

"Tukitaka kukiuza, nani atakataa?"

"Wote, mzee. Ukoo mzima."

"Na yule kaka aliyenuna barabarani?"

Nikafikiri. "Yule ndiye atakayekuja na panga."

Akacheka hadi misumari ikamwagika. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote ya kazi, na nawapa ninyi bila malipo. Aliniambia tumezoea kuitazama dhamana kwa jicho la mnunuzi, tukijiuliza tukiiuza tutapata ngapi. Lakini hii nyumba, mnunuzi wake wa kweli ni nani? Ni haohao wasiotaka iuzwe. Dhamana kazi yake kubwa si kuuzwa, ni kumfanya mtu aogope kuipoteza. Zamani walioogopa walikuwa Asajile na mke wake tu. Sasa wameongezeka. "Nenda kawaulize," akasema, "hao wasiokubali iuzwe, kama watakubali kulidhamini deni lake."

Kwa hiyo nikapanda baiskeli tena kwenda Ndandalo. Ilikuwa imepita siku ya kuanua matanga, watu wametawanyika, Lusekelo anatengeneza mpini wa jembe. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza: asaini kuwa mdhamini, mpunga wake usimame nyuma ya deni la mdogo wake, nasi tutatoa bati.

"Mlimchukua mama," akasema, "sasa mmefuata mpunga."

Nikamshukuru, ndaga fijo kwa kunisikiliza, nikashika baiskeli. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku ule, njia inateleza, nikawa naikokota. Nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa anakuja, jembe begani. Tukaenda hivyo hadi Ipyana, mimi na baiskeli mbele, yeye nyuma, kama askari na mhalifu, sijui nani alikuwa nani.

Safari hii aliingia kwenye kiwanja. Tusekile alimwona, akaacha alichokuwa anafanya, lakini hakusogea. Lusekelo akaenda moja kwa moja kwenye kaburi, akalizunguka. Hatua chache pembeni yake akalipiga jembe chini, akachimba hadi kwenye goti, akachuchumaa, akachukua udongo wa chini kabisa akaufinya kiganjani. Ukavunjika, ukamwagika kama unga. Akachukua mwingine. Ukamwagika vilevile.

"Pakavu," akasema. Alilisema peke yake, si kwa yeyote kati yetu.

Akafukia shimo lake vizuri, akalikanyaga. Halafu akaniambia atasaini, ila kuna sharti liandikwe. Watu wakijenga nyumba siku hizi hujenga na uzio, wanafunga geti. Yeye hataki kubisha hodi kwenda kwa mama yake. Njia ya kutoka barabarani hadi kaburini ibaki wazi, geti liwepo lisiwepo. Nikaandika kwa mwandiko wangu uleule ulionipatia kazi: mkopaji ataacha njia ya miguu kwa ajili ya mdhamini na ndugu zake. Meneja alipousoma mkataba alikuna kichwa, akauliza kifungu hiki kinalinda nini. Bwana Athumani akamwambia kinalinda akiba za wauza samaki. Kisha bei ya bati ikaanza kujadiliwa, akatoka kunywa chai.

Walipaua mvua ikiwa inawakimbiza. Safu ya juu ya matofali upande wa mashariki ilikuwa imekwishalainika, wakaibomoa wakapanga upya, Lusekelo akiwa juu ya ngazi. Siku ya bati la mwisho nilikuwepo. Mapazia sikuyaona, kwa mara ya kwanza. Niliona bati tu, nikaridhika.

Msije mkadhani nawapa hadithi ya mkopo uliokwenda kama maji ya mfereji. Kuna kosa tulilifanya mimi na Bwana Athumani kwa furaha zetu. Tulimchagua mdhamini kwa moyo wake, tukasahau kutazama shamba lake liko wapi. Mpunga wa Asajile uko bonde la Ndandalo, mpunga wa Lusekelo uko bonde la Ndandalo, tuta kwa tuta. Mkopaji na mdhamini wananyeshewa na wingu moja. Ninyi mkipanga wadhamini, mmoja awe wa bonde, mwingine wa mlima au wa dukani, ili siku mmoja akilowa mwingine awe na kiberiti kikavu.

Sisi tulilijua hilo ule mwaka mto ulipotoka kwenye njia yake. Mpunga ulilala wote. Nisiwaweke roho juu: walilipa hadi shilingi ya mwisho, lakini mimi siku ile sikujua. Nilikwenda Ipyana kudai nikiwa na hofu, maana meneja alishaniuliza tutafanya nini na nyumba isiyouzika na mdhamini aliyezama.

Nilikuta ua umejaa. Lusekelo, mke wake, watoto wao, mbuzi, kuku, vyungu, godoro, wote wamehamia kwa mdogo wake, juu kwenye mwinuko, chini ya bati alizozidhamini. Wamepita njia ileile ya miguu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki juu ya maji. Tusekile alikuwa anapika kwenye sufuria la msibani, kubwa, na anaimba. Ndani nilimkuta mkopaji wangu na mdhamini wangu wamekaa mkeka mmoja, wanakula ndizi, na kati yao wote hakuna mwenye hata nauli.

Asajile alianza kunieleza, akashindwa, akatazama chini. Nikamwambia asijisumbue, nimeliona bonde. Kulikuwa na kokoa kidogo kwenye miti yake ya Ipyana, akasema ataiuza aanze nayo. Ilikuwa ya kujazia kiganja tu. Nikamgeukia Lusekelo, kwa sababu ndiye mdhamini na kazi ni kazi, nikamuuliza mwenyekiti nimpelekee jibu gani.

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Mwambie tupo," akasema. "Mama yupo hapo nje, sisi tupo hapa ndani. Hakuna anayekwenda popote."

Nilirudi nikimwaga maji viatuni. Dukani kwa Bwana Athumani nikayasema maneno yale bila kuongeza hata moja, nikasubiri aniulize wamepungukiwa kiasi gani. Hakuuliza. Aliuliza kama bati zinavuja.

Nikasema hazivuji.

"Basi wanaweza kungoja mavuno," akasema, akavuta mkataba niliokuwa nimeubeba akaanza kuandika tarehe mpya. "Na sisi tungoje nao."